Ua Tulilolinunua Feri



Mgeni akiuliza Feri ni wapi, mtu wa Mombasa humwonyesha kusini, mwisho wa barabara ya Nyerere, pale kisiwa kinapokoma na mkondo wa Kilindini unapoanza. Asili ya jina ni chombo kinachovusha watu, lakini kwetu limekwisha kuwa jina la mahali. Makondakta wa matatu hulinadi kutwa nzima, na anayelisikia huelewa kituo, soko, foleni na bahari kwa pamoja. Mkondo wenyewe si mpana, nusu kilomita hivi. Aliye upande wa kisiwani huwaona wa Likoni wakiteremka mteremko, baiskeli zikisukumwa, mikokoteni ikizuiwa kwa nyuma isije ikawakimbia wenyewe. Mwenda kwa miguu havui senti kuvuka. Husubiri tu lango lifunguliwe, kisha hutembea na umati.

Sisi ni watu wa nyumba moja ya Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni, na kwa miaka mingi Feri kwetu ilikuwa njia ya kumwendea Shangazi, aliyeolewa Likoni. Safari tunayoieleza leo ilianza kwa sababu nyingine. Ilianza kwa asumini ya Bibi.

Nyumba zetu, kama mjuavyo, hazina viwanja. Ukitaka kupanda kitu hupanda juu ya dari, katika makopo na madebe. Bibi alikuwa na asumini yake huko juu, katika nusu ya pipa, na kila alasiri akichuma vikonyo vya kutia katika kikuba na vya kunyunyiza chumbani. Ikaja miezi ambayo mifereji ilikauka kwa wiki nzima nzima, na maji matamu ya mikokoteni yakawa ya kunywa na kupikia tu. Asumini ikanyweshwa maji ya kisima. Maji ya visima vyetu ni ya chumvi. Pipa likaota ukoko mweupe juu ya udongo, majani yakaungua kingo, na mti ukafa. Bibi hakulalamika. Aliacha tu kupanda ngazi kwenda darini, na hilo ndilo lililotuuma.

Basi mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikinyesha, tulikwenda Feri kutafuta mche mwingine. Kandokando ya njia palikuwa na muuza miche aliyeipanga chini, kila mmoja katika mfuko wake mweusi wa plastiki. Tukamweleza shida yetu: dari, jua kali, upepo wa bahari, maji ya chumvi. Akatuelekeza kwenye kichaka kidogo chenye majani makavu ya kukwaruza na vishada vya maua yaliyo manjano katikati na mekundu pembeni. "Chukueni hii," akasema. "Ni vabena. Hii haifi."

Kuhusu kutokufa kwake alisema kweli.

Mche ule ulishika siku ya kwanza. Tulisahau kuunywesha, haukujali. Kaskazi ikavuma, chumvi ikatanda juu ya majani, wenyewe ukazidi kuchanua. Maua yalibadilika rangi kadiri yalivyokua, manjano yakigeuka machungwa, machungwa yakigeuka wekundu, hata kishada kimoja kikawa na rangi tatu. Vipepeo ambao hatukuwahi kuwaona Kibokoni walipanda hadi ghorofa ya tatu kuutafuta. Bibi naye akaanza kupanda ngazi tena. Harufu ya majani yake hakuipenda, alisema yanavunda kama dawa. Lakini maua aliyapenda.

Masika ilipofika tukakata vipandikizi ishirini, tukavitia katika debe, tukavuka navyo. Tunaikumbuka safari ile. Feri ilijaa, mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na kila aliyesimama karibu nasi aliuliza tumebeba nini. Tukawajibu kwa fahari: vabena. Shangazi alikuwa ametaka uzio mzuri mbele ya nyumba yake, upande wa banda la mbuzi, na tulivipanda vile vipandikizi kwa mikono yetu, kimoja kwa kila hatua. Tulipomaliza, mmoja wetu akakumbusha hadithi mashuhuri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Muislamu anayepanda mti, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Shangazi akaitikia amina. Tukarudi kisiwani jioni tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Miezi kumi baadaye uzio ulikuwa umefika kifuani. Mwezi ule wa Februari nyasi za Likoni zilikuwa zimekauka kabisa, na mkaza mwana wa Shangazi alijifungua mtoto wa kiume. Mbuzi wawili wa akika walinunuliwa kutoka bara. Walifika wamechoka kwa safari na wana njaa, wakafungwa kando ya uzio ili wapate kivuli. Mbuzi wa pale nyumbani walikuwa wakipita pale kila siku wala hawakuyagusa majani yale. Hawa wageni hawakuyajua. Usiku mmoja ulitosha.

Siku ya pili waliacha kula. Siku ya tatu walijificha jua, macho na fizi zikageuka manjano, na ngozi ya pua na masikio ikaanza kupasuka kama iliyochomwa. Shangazi akampigia simu daktari wa mifugo. Alipofika hakuwatazama mbuzi kwanza, aliutazama uzio. Akavunja tawi, akalisugua kiganjani, akalinusa. "Nani amekupandieni lantana?" akauliza.

Mbuzi mmoja alikufa siku ya nne. Wa pili daktari alimnywesha unga wa makaa ya dawa uliochanganywa na maji, akaagiza afungiwe gizani asipigwe na jua, na baada ya wiki mbili akaanza kula. Alipona, lakini mnyama mgonjwa hafai kwa akika, na aliyekufa alikuwa mzoga. Siku ya saba ya mtoto ikapita pasi na akika. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Wengine walivuka kutoka kisiwani wakapewa kahawa na udhuru. Tulijichanga tukanunua mbuzi wawili wengine, na akika ikafanywa siku ya kumi na nne, jambo ambalo wanazuoni wamelipa nafasi. Fedha ziliuma, lakini hazikuuma kama neno la Shangazi. Hakutukemea. Alisema, "Wanangu, mliniletea ua, hamkuniletea habari zake."

Neno hilo ndilo lililotufanya tutafute habari ambazo tungepaswa kuzitafuta mwanzo, na ndizo tunazowaletea leo.

Muuza miche hakusema uongo mtupu. Lantana na vabena ni watu wa ukoo mmoja; wataalamu wa mimea wameupa ukoo wote jina la vabena, na wako wauza maua duniani wanaoiita lantana vabena ya kichaka. Ukoo huu zamani ulihesabiwa kuwa mkubwa zaidi. Vitabu vya kale viliutia humo hata mchu, ule mkoko wa hori zetu za Tudor na Port Reitz, na msaji, mbao ya milango mingi ya nakshi, na mfudu ambao watoto wa pwani huchuma matunda yake. Uchunguzi wa miongo ya karibuni umewatenga: msaji na mfudu wamehamishiwa ukoo wa mrehani, na mchu kwingine. Lantana imebaki pale pale ilipokuwa.

Kwao ni Amerika ya kitropiki. Waholanzi waliichukua kutoka huko katika karne ya 17 wakaipeleka Ulaya kwa uzuri wake, na kutoka bustani za Ulaya ikasambazwa makoloni. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa imekwisha kufika India, na leo imetapakaa katika misitu ya huko. Afrika Mashariki nayo imeivamia kingo za mashamba, malisho na misitu. Imewekwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Sababu ni zile zile zilizotupendeza: haifi kwa kiu, hukua upya ikikatwa, na vitunda vyake vyeusi huliwa na ndege wakazidondosha mbegu kila wanapotua. Sumu iliyo katika majani hushambulia ini la mbuzi, kondoo na ng'ombe. Ini likishindwa, mnyama hupata manjano, na mwanga wa jua humchoma ngozi. Vitunda vibichi vya kijani navyo ni hatari kwa mtoto atakayevila.

Tulifikiri sana juu ya hadithi tuliyoikumbusha siku ile ya kupanda. Tuliichukua kama hundi: panda, kisha ngoja thawabu. Hatukujiuliza mnyama atakayekula atakula nini. Dini ile ile inayosifu kupanda inakataza mtu kudhuru na kudhuriana, na mambo mawili hayo hayatengani katika shimo moja la mche. Inashangaza kwamba vabena ya kale, ile iliyotajwa katika vitabu vya matabibu, kwa Kiarabu huitwa malisho ya njiwa. Sisi tulipanda malisho pasi na kujua ni ya nani.

Uzio tuling'oa wenyewe. Tulivuka siku tatu mfululizo, tumevaa glavu kwa sababu shina la lantana lina vijimiba na utomvu wake huwasha wengine. Kukata hakusaidii, kisiki huchipua. Tulichimba hadi mizizi, tukayaacha matawi yakauke mahali palipozungushiwa waya ambapo mnyama hawezi kufika, kwa maana hata majani makavu hayaachi sumu yake, kisha tukayafukia. Kule darini kwetu tulifanya vivyo hivyo. Bibi alitutazama akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Lilipobaki debe tupu aliuliza, "Na sasa?"

Sasa tulirudi Feri. Hatukwenda kugombana na mtu. Kabla ya kufika kwenye miche tulipinda kushoto, tukaketi kidogo chini ya mibuyu ya Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyokarabatiwa mwaka 2019. Pale huonekana meli zikiingia kutoka bahari kuu, nzito, zikielekea bandari ya Kilindini, na feri zikizisubiri zipite ndipo zivuke. Tulikuwa na orodha ya alama katika karatasi, na tulikubaliana kwamba safari hii hatutanunua jina. Tutanunua mmea tulioutambua.

Alama zenyewe ni hizi, na tunawaomba mzikate mzihifadhi. Lantana ni kichaka: shina gumu la pembe nne lenye vijimiba, jani la kukwaruza lenye harufu kali likisuguliwa, na vitunda vya mviringo vinavyogeuka kutoka kijani kuwa vyeusi. Vabena ya bustani ni laini. Hutambaa au huinama ukingoni mwa chungu, majani yake yamechanjwa-chanjwa kingo, vishada vyake huwa vya rangi moja ya zambarau, waridi, nyeupe au nyekundu, mara nyingi na jicho jeupe katikati, na haizai vitunda bali vijimbegu vikavu. Jamaa yao wa tatu ni duranta, inayopandwa sana kuwa uzio, yenye maua ya samawati na matunda ya manjano yanayoning'inia kama shanga. Hayo nayo ni sumu. Mwenye watoto aitazame.

Tulipata miche minne ya zambarau, midogo, imelegea kwa jua. Muuza miche akashangaa. "Hizo zinataka kubembelezwa," akasema. Tukamwambia ndizo tunazozitaka.

Kubembeleza kwake si kugumu. Vabena hupenda jua, saa sita au zaidi kwa siku, na ikitiwa kivulini hurefuka bila kuchanua. Adui yake si kiu bali maji yaliyosimama. Kopo lazima litobolewe chini, liwekewe kokoto, kisha udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyoiva. Mchanga usiwe wa ufukweni, maana una chumvi. Mnyweshe asubuhi, shinani, usiyalowanishe majani, na usirudie hadi kidole kikipenya udongo wa juu kikute pakavu. Maji ya kisima hatuyatumii tena. Tunatumia maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya mvua tunayoyakinga darini. Ukoko mweupe ukitokea juu ya udongo, tunamwaga maji matamu mengi mara moja yapite hadi chini yaondoke na chumvi.

Ua likinyauka tunalikata pamoja na kikonyo chake, la sivyo mmea hushughulika na mbegu ukaacha kuchanua. Ukichoka na kurefuka ovyo, tunaupogoa theluthi moja, na baada ya wiki chache hujaa upya. Wakati wa masika unyevu wa Mombasa huleta ukungu mweupe kama unga juu ya majani. Dawa ya kwanza ni nafasi baina ya makopo ili upepo upite, na kuyaondoa majani yaliyoshikwa. Kaskazi kavu huleta utitiri chini ya majani, na hao huondolewa kwa kuosha. Vabena haiishi miaka mingi. Kwa hiyo kila msimu tunakata vipandikizi vya urefu wa kidole visivyo na ua, tunaondoa majani ya chini, tunavichomeka katika mchanga mtamu wenye unyevu kivulini, na wiki mbili tatu baadaye huwa vimeshika.

Anayelinganisha ataona tulibadilisha mmea usiohitaji mtu tukachukua unaohitaji mtu kila siku. Ndivyo, na hatujuti. Ule wa kwanza ulitufurahisha kwa sababu ulitupunguzia kazi, na kazi tuliyopunguziwa ilikuwa ni ile ya kuuangalia. Huu wa pili ukisahauliwa siku tano za kaskazi hufa, hivyo hausahauliki. Bibi hupanda ngazi asubuhi kwa ajili ya maji na alasiri kwa ajili ya kukata maua makavu. Asumini nayo, kwa kunyweshwa maji matamu tunayoyaweka akiba, imepandwa tena katika nusu ya pipa, na vabena zimeizunguka chini.

Ijumaa moja baada ya swala tulivuka tena na debe. Shangazi alikuwa ametutumia salamu kwamba mbele ya nyumba pamebaki peupe na hapapendezi, nasi tulijua maana yake ni kwamba ametusamehe. Safari hii mlikuwa na vipandikizi vya vabena vilivyoshika mizizi, kila kimoja katika kikopo chake, na tulivipanda katika sinia kubwa iliyoinuliwa juu ya mawe mbali na banda. Daktari alisema vabena hii haina sumu ya lantana; lakini mbuzi ni mbuzi, na ua si chakula chake. Yule mbuzi aliyepona alitutazama kutoka upande wa pili wa waya. Shangazi hakumchinja wala kumuuza. Mtoto wa akika sasa anasimama kwa kushika ukingo wa sinia ile.

Ndani ya feri, kama mara ya kwanza, watu waliuliza tumebeba nini. Mama mmoja aliyekaa karibu na reli, na kikapu cha samaki miguuni, akaomba kipandikizi kimoja. Tulimpa. Na kabla lango halijafunguka upande wa Likoni tukamweleza jina lake, jua linalolitaka, maji linayoyataka, na jamaa yake anayefanana nalo ambaye asimpande karibu na mifugo wala watoto. Akarudia mara mbili ili asisahau, kisha umati ukatuchukua sote tukapanda mteremko.

Wasomaji wetu, Feri iko pale pale, na miche iko kandokando ya njia. Pandeni, kwani kupanda ni kheri. Lakini kabla ya kulipa, vunjeni jani moja, mlisugue, mlinuse, na muulize habari zake zote. Nanyi mkimpa jirani kipandikizi, mpeni pamoja na habari hizo.

Wabillahi tawfiq.